Fritz Pollard: bingwa wa msimu wa kwanza wa NFL aliyevalia jezi kwenye duka la sigara

Fundi Saa

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita kwenye uzi wa makocha weusi wa Ulaya kuna mtu alisema tatizo la makocha weusi kunyimwa nafasi Wamarekani walishalimaliza zamani. Nilitaka kumjibu palepale, nikaona jibu litaumeza uzi wa watu. Basi nimelifungulia nyumba yake.

Kwa ambao hawafuatilii: futiboli ya Kimarekani ni ule mpira wa umbo la yai, unaukumbatia kwapani unakimbia nao, na kazi ya wapinzani ni kukulaza chini. NFL ndiyo ligi yao kuu ya kulipwa. Siku hizi wanavaa kofia ngumu na magodoro mabegani. Miaka ninayoizungumzia kofia ilikuwa ya ngozi, na asiyetaka aliiacha. Mwaka 1905 vijana wengi walikufa viwanjani kiasi kwamba Rais Theodore Roosevelt mwenyewe aliita wawakilishi wa vyuo Ikulu kuwauliza huu ni mchezo au ni nini. Mwaka uliofuata ndipo pasi ya mbele ikahalalishwa, ili watu waache kugongana fungu zima kwa fungu zima.

Humo ndimo alimoingia kijana mweusi mwenye uzito wa kilo 75 hivi.

Frederick Douglass Pollard alizaliwa 27 Januari 1894 Rogers Park, kaskazini mwa Chicago. Jina alipewa la Frederick Douglass, yule mtumwa aliyetoroka akawa msemaji mkuu wa kupinga utumwa, ambaye siku hiyo alikuwa bado hai. Majirani wengi walikuwa Wajerumani, nao ndio waliomgeuza kuwa Fritz. Baba kinyozi, mama mshonaji mwenye damu ya Wahindi Wekundu, watoto 8, yeye wa 7. Na msidhani ni familia ya kuokotwa: dada yake Naomi alihitimu Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1905, mwanamke mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Kaka yake Leslie alicheza futiboli Chuo cha Dartmouth. Kaka mwingine, Luther, aliongoza kampuni ya filamu Chicago.

Hao kaka ndio waliomfunza Fritz jambo moja ambalo nadhani lilimwokoa zaidi ya mbio zake: ukipigwa, usirudishe. Inuka, kimbia tena.

Naenda kula, narudi.

Bint Rajabu

Siti ya mbele. Ila mkuu usitufanyie ile tabia ya "narudi" halafu tunakukuta mwakani.

Kaka Mkubwa

Tunasubiri. Lakini nikwambie mapema, hizi habari za "wa kwanza mweusi" huwa zinatiwa chumvi sana. Weka ushahidi.

Fundi Saa

Nimerudi. Ugali ulikuwa wa moto, mnisamehe.

Chuo kilikuwa Brown, kule Providence, Rhode Island. Kuingia kwenyewe kulimpa tabu kwa sababu ya upungufu wa masomo ya lugha za kigeni, akahangaika huku na kule mpaka akapokelewa mwaka 1915. Ada na chakula havikungoja, kwa hiyo chumbani kwake bwenini akafungua biashara ya kupiga pasi nguo za wanafunzi wenzake. Hebu piga picha: mchana wanamkataa mazoezini, jioni wanamletea suruali azinyooshe.

Walimkubali walipoona hashikiki. Msimu huohuo Brown wakaalikwa Pasadena, California, kucheza Rose Bowl, mechi kubwa ya mwaliko ya vyuo, tarehe 1 Januari 1916 dhidi ya Washington State. Safari ya treni kuvuka bara zima. Walipofika hotelini karani akagoma kumpa Pollard chumba. Mmoja wa makocha akamwambia karani kwamba kama huyu hana chumba basi timu yote inageuza. Chumba kikapatikana.

Mechi yenyewe ilikuwa aibu. Mvua, tope mpaka kwenye vifundo, na mchezaji wa mbio kwenye tope ni kama bajaji kwenye mchanga. Walilala 14-0. Lakini Pollard akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza Rose Bowl, na katika timu ile alikuwepo Wallace Wade, mtu wa Tennessee, ambaye baadaye alikuja kuwa kocha mkubwa kabisa wa vyuo vya Kusini, huko ambako Pollard asingeruhusiwa hata kukanyaga nyasi.

Msimu uliofuata, wa 1916, ndio msimu wake. Yale na Harvard wakati ule walikuwa Simba na Yanga wa futiboli ya vyuo, na Brown haikuwahi kuwafunga wote wawili msimu mmoja. Tarehe 11 Novemba Brown 21, Yale 6. Wiki moja baadaye Brown 21, Harvard 0. Wiki mbili, vigogo wawili chini. Halafu, kama ilivyo kawaida ya mpira, wakaenda kupigwa 28-0 na Colgate kwenye mechi ya mwisho.

Walter Camp, mzee aliyeziunda sheria nyingi za mchezo huo, ambaye orodha yake ya wachezaji bora wa nchi ndiyo ilikuwa mhuri, akamweka Pollard kwenye kikosi cha kwanza. Kabla yake mweusi aliyefika hapo ni William Henry Lewis wa Harvard, 1892 na 1893, naye alicheza katikati ya mstari. Pollard alikuwa wa kwanza kati ya wale wanaokimbia na mpira.

Sasa ule ujanja wake. Akiangushwa, wapinzani walikuwa wanakuja kwa makusudi kumrundikia, magoti mbavuni, ngumi shingoni, refa anatazama mawingu. Pollard akabuni dawa. Akigusa ardhi tu anajizungusha, analala chali, na miguu anaielekeza juu, njumu zinawatazama wao. Anayetaka kumrukia na aruke.

mpwani_wa_kweli

😂😂 Huyo alikuwa kama paka bwana. Paka ukimbana pembeni hulala chali vivyo hivyo, mtu asiyejua hudhani ameshindwa.

Mzee Kigoda

Vijana, mimi sijui mpira huo, lakini hili la kulala chali nimelipenda. Endelea mwanangu.

Fundi Saa

Shikamoo mzee. Naendelea.

Masomo yalimshinda mwaka 1917 kwa sababu ya mpira, akaondoka Brown. Vita ya kwanza ikamkuta kambi ya Meade, Maryland, akisimamia mazoezi ya viungo ya askari weusi. Akafundisha futiboli Chuo cha Lincoln, chuo cha weusi kule Pennsylvania. Na mwaka 1919 akapata simu, sorry, wito, kutoka Akron, Ohio.

Akron ulikuwa mji wa mpira kwa maana ya ile raba: Goodyear, Firestone, Goodrich, wote pale. Viwanda vya matairi vilikuwa vimevuta maelfu ya wazungu kutoka majimbo ya Kusini, na walikuja na mabegi yao na chuki zao. Kwa hiyo Pollard hakubadilishia nguo pamoja na wenzake. Mmiliki wa timu, Frank Nied, alikuwa na duka la sigara. Pollard anavaa jezi dukani, kati ya maboksi ya tumbaku, halafu anapelekwa uwanjani kwa gari dakika mechi inakaribia kuanza. Kipenga cha mwisho, anarudishwa vilevile.

Mwaka 1920, kwenye duka la magari la Ralph Hay mjini Canton, wenye timu wakakaa wakaanzisha ligi. Viti havikutosha, wengine walikaa kwenye vyuma vya magari. Rais wakamchagua Jim Thorpe, bingwa wa Olimpiki ya Stockholm 1912, kwa sababu jina lake lilijulikana kila kona. Ligi hiyo ndiyo iliyobadilishwa jina mwaka 1922 ikaitwa NFL.

Bingwa wa msimu ule wa kwanza ni Akron. Ushindi 8, sare 3, kufungwa sifuri. Na hapa naomba msome polepole: msimu mzima waliruhusu pointi 7. Sio mechi moja, msimu. Canton ya Jim Thorpe waliipiga nje ndani, 10-0 na 7-0.

Mechi ya mwisho ilikuwa Chicago, tarehe 12 Desemba, dhidi ya Decatur Staleys ya George Halas, timu ambayo leo ni Chicago Bears. Halas akaleta mamluki: alimwazima Paddy Driscoll kutoka Cardinals, timu nyingine ya Chicago, kwa ajili ya siku hiyo moja. Pamoja na mamluki wake, 0-0. Halas alitaka marudiano, Akron wakakataa, na Aprili 1921 wenye timu wakapiga kura kuwapa Akron ubingwa.

Kaka Mkubwa

Kumbe bingwa alipatikana kwa kura? Hiyo ligi ya mtaa.

Fundi Saa

Ilikuwa ligi ya mtaa kweli, sibishi. Timu zilikuwa zinakufa katikati ya msimu, ratiba kila mtu anajipangia. Akron wenyewe msimu uleule walimuuza mchezaji wao Bob Nash kwa Buffalo kwa dola 300 na asilimia 5 ya mapato ya mlangoni, na huo ndio unahesabiwa usajili wa kwanza wa kuuziana mchezaji katika ligi hiyo.

Ila umuulize Mmarekani wa kawaida bingwa wa kwanza wa NFL, uone kama atataja Akron. Halafu muulize nani alikuwa nyota wao.

1921 Pollard akawa kocha wa timu huku akicheza. Kocha wa kwanza mweusi katika historia ya ligi.

Kaka Mkubwa

Hapa nilikuwa nakungoja. Kocha MWENZA. Kumbukumbu zinaonyesha alikuwa na Elgie Tobin, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wa msimu wa ubingwa. Hii ndiyo chumvi niliyoisema.

Fundi Saa

Uko sahihi, kumbukumbu zinawataja wote wawili. Lakini fikiria kocha wa wakati ule alifanya kazi gani. Sheria zilikataza kocha kutoa maelekezo kutoka pembeni, hadi miaka ya 1940. Mechi ikishaanza, mwenye timu ni yule aliye ndani ya uwanja na wenzake. Tobin au si Tobin, mpira ukishatupwa aliyekuwa anawaambia wazungu wa Ohio nani akimbilie wapi ni Pollard. Na walikuwa wanatii, kwa sababu mbinu alizotoka nazo Brown zilikuwa zinawapa ushindi na ushindi ulikuwa unawapa pesa.

Ukisema "mwenza" sikukatalii. Nakataa tu kwamba inapunguza kitu.

Kaka Mkubwa

Sawa, hiyo ya pembeni sikuijua. Nimerudi nyuma nusu hatua. Nusu.

Bint Rajabu

Mwanaume humu kakubali nusu hatua, tuwashe mishumaa jamani.

mpwani_wa_kweli

Samahani nakatiza. Paul Robeson si alicheza na huyu? Yule mwimbaji?

Fundi Saa

Ndiye. Pollard alimleta Akron 1921, kisha wakaenda wote Milwaukee Badgers 1922. Robeson alikuwa anasoma sheria Columbia, New York. Wiki nzima yuko darasani, mwisho wa wiki anapanda treni kwenda kugongana na watu Wisconsin, anarudi Jumatatu na mbavu zinauma. Waliwahi kukutana na timu ya Jim Thorpe, Oorang Indians, timu ya Wahindi Wekundu watupu iliyomilikiwa na mfuga mbwa wa LaRue, Ohio, ambaye aliianzisha ili kutangaza mbwa wake. Siwatanii. Robeson alifunga mara mbili siku hiyo.

mpwani_wa_kweli

Basi ngoja niongeze la kwetu. Huyo Robeson mwaka 1934 alijiandikisha chuo kile cha lugha za Mashariki na Afrika, London, akasoma Kiswahili. Na Kenyatta, akiwa London miaka hiyohiyo, alitokea kama chifu kwenye filamu moja ya Robeson ya 1935. Kwa hivyo kutoka Mzee Jomo hadi kwa Fritz Pollard ni mtu mmoja tu katikati.

Mzee Kigoda

Hilo la Kenyatta nalijua, tulilisikia tangu zamani. La kwamba Robeson alicheza mpira ndilo geni kwangu. Nilimjua kwa sauti yake tu, kwenye santuri.

Fundi Saa

Asante mpwani, hiyo sikuwa nayo.

Sasa tuje penye uchungu. Pollard alizunguka: Milwaukee, Hammond, Providence, akarudi Akron, na katikati akaenda kuchezea Gilberton, timu ya wachimba makaa ya mawe Pennsylvania iliyokuwa nje ya ligi. Alidai kwamba kwa ubora wake alilipwa mpaka dola 1,500 kwa mechi. Hayo ni maneno yake mwenyewe. 1926 Akron wakamwachia na NFL ikawa imekwisha kwake.

Weusi wachache walibaki. Mwaka 1933 walikuwa wawili tu: Joe Lillard wa Chicago Cardinals na Ray Kemp wa Pittsburgh. 1934, hakuna. 1935, hakuna. Mpaka 1946. Misimu 12.

Mkitafuta karatasi iliyoandikwa "weusi marufuku" hamtaipata. Hakuna kifungu, hakuna muhtasari wa kikao, hakuna sahihi. Wenye timu walikuwa wanaelewana tu kama wenye daladala wanavyoelewana nauli. Ukiuliza unaambiwa hatujaona mwenye kiwango. Kiwango! Wakati hata kabla ya mlango kufungwa Pollard alikuwa Chicago na timu yake ya weusi watupu, Black Hawks, akiomba mechi na timu za NFL ili watazamaji waone kwa macho yao. Baadaye Harlem, mtaa wa weusi wa New York, akafundisha timu ya Brown Bombers, jina wamelitoa kwa bondia Joe Louis. Alikuwa anaweka meza sokoni kila msimu: bidhaa hii hapa, njooni mnunue.

Mbeba Maboksi

Mimi niko Ohio mwaka wa 9 sasa, Columbus. Nani alianzisha hiyo marufuku? Huku kila mtu anasema ni George Preston Marshall.

Fundi Saa

Marshall aliingia 1932 na timu ya Boston, akaihamishia Washington, na timu yake ilikuwa ya mwisho kabisa kuchezesha mweusi: 1962. Na alifanya hivyo kwa kulazimishwa na serikali ya Kennedy, maana uwanja mpya ulikuwa juu ya ardhi ya serikali. Huyo hana wa kumtetea.

Ila Pollard uzeeni alimnyooshea kidole mwingine: George Halas. Alisema Halas alimtumia kujaza viwanja ligi ilipokuwa changa, ligi ilipopata nguvu akamfungia mlango. Halas alikana mpaka mwisho.

Kaka Mkubwa

Na wewe unaamini lipi?

Fundi Saa

Ninachojua ni kwamba Bears haikuwa na mchezaji mweusi mpaka 1952, Eddie Macon. Mji wa Chicago, uliojaa weusi, mji aliozaliwa Pollard. Halas ndiye mwenye timu, miaka yote hiyo. Kama kuna mtu alimshika mkono asisajili, hatuambiwi ni nani.

Lakini kumtwisha Halas peke yake ni kuwapa wengine njia ya kutokea. Timu zilikuwa karibu kumi. Mmoja tu angesajili mweusi mmoja mwaka 1937, yangekwisha. Hakuna aliyefanya. Na 1946 hawakufungua kwa kupenda: timu ya Rams ilihamia Los Angeles, wakataka uwanja wa Coliseum, ambao ni mali ya umma, waandishi weusi wa mji wakasimama kikaoni wakauliza uwanja wa kodi zetu utachezewaje na timu isiyotutaka. Ndipo wakasajiliwa Kenny Washington na Woody Strode.

Pollard wakati huo ana miaka 52. Alishakuwa na kampuni ya uwekezaji kwa wateja weusi Chicago, gazeti lake New York, studio ya muziki na mazoezi ya wasanii Harlem, ushauri wa kodi. Mtu wa kuhangaika yule. Mwanawe, Fritz mdogo, alichukua shaba Berlin 1936 kwenye mita 110 kuruka viunzi, Olimpiki ileile ya Jesse Owens mbele ya Hitler.

Alikufa 11 Mei 1986, Silver Spring, Maryland, miaka 92. Kocha mkuu mweusi wa pili katika NFL, Art Shell wa Raiders, aliteuliwa Oktoba 1989.

1921 mpaka 1989. Fanyeni hesabu wenyewe, halafu mrudi kwa yule bwana wa uzi wa wiki iliyopita.

Bint Rajabu

68. Na alikosa kumwona kwa miaka mitatu. 😔

Mbeba Maboksi

Wakuu nimewahi kwenda Canton pale kwenye jumba la kumbukumbu, wanaweka sanamu za vichwa vya shaba. Pollard yupo, nimemwona, sikujua ni nani nikapita kama napita mlango wa jirani. Sasa najilaumu.

Fundi Saa

Yupo, ila ameingia lini? Jumba lilifunguliwa 1963. Kundi la kwanza mwaka uleule: Thorpe, Halas, na George Preston Marshall. Ndiyo, huyohuyo Marshall, mwaka mmoja tu baada ya kulazimishwa. Pollard aliingia 2005, baada ya wajukuu zake na watu wa vyombo vya habari kupiga kelele miaka mingi. Kwenye jumba la futiboli ya vyuo alishaingia tangu 1954, maana yake waliokuwa hawamjui ni wale aliowachukulia ubingwa.

Ile taasisi iliyoundwa 2003 kudai makocha weusi wapewe nafasi nayo ina jina lake, Fritz Pollard Alliance.

Mzee Kigoda

Mwanangu, swali langu moja nikalale. Huo ubingwa wa mwaka 1920 walipewa kikombe? Na kiko wapi, maana mtu akifutwa hubaki kikombe.

Fundi Saa

Walipewa mzee. Kilitolewa na kampuni ya Brunswick-Balke-Collender, watengenezaji wa meza za biliadi. Ligi ilikitoa mara moja tu, kwa Akron, na wachezaji wakapewa vidani vya dhahabu vya mpira mdogo.

Kikombe kilipotea. Mpaka leo hakijaonekana.

mpwani_wa_kweli

Wameangalia kwenye lile duka la sigara?